Anko Alitaka Mashine ya Kasi Zaidi, Sisi Tukamwambia Hapana

Tangu niweke ile klipu ya sekunde 15 ya mashine iliyo kwenye gereji ya anko wangu, inboksi yangu imejaa maswali ya aina mbili. La kwanza: hiyo ni mashine ya nini? La pili: kwani hiyo si kesi?

Nianze na la pili, maana hilo ndilo linaweza kumpeleka mtu ndani. Hapa Kenya ni kesi, tena si ndogo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kukaa hata na risasi moja mfukoni bila cheti, sembuse kuzitengeneza. Za serikali zinatengenezwa kwenye kiwanda cha serikali kule Eldoret, na habari inaishia hapo. Kwa hivyo wewe uliyeniuliza bei ya kuileta kwa kontena hadi Mombasa, tafadhali, tafuta biashara nyingine. Kuna mitumba.

Lakini anko yuko Texas, upande wa Dallas, ambako Wakenya wamejaa hadi nyama choma haikosi wikendi. Sheria ya kitaifa ya Marekani inamruhusu mtu kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni. Akianza kuuza ndipo anatakiwa kuwa nayo. Anko hauzi. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na Jumamosi anaenda kushindana kulenga shabaha na wenzake, wazee wa kofia na mkebe wa kahawa. Nilikaa kwake miezi 3, na kwa sababu mimi ni mtu wa kamera, nilijikuta nikirekodi ile mashine usiku baada ya usiku. Sasa nina maoni. Manze, nina maoni mengi.

Kwanza tuelewane maneno. Kile tunachokiita risasi ni vitu vinne vilivyoshikana: ganda la shaba nyeupe au njano, praima ambayo ndiyo kiberiti kilicho kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukipiga, kichwa kinaenda, baruti inaungua, praima inakufa, lakini ganda linabaki. Na ganda ndilo lenye bei ya kuuma. Linaokotwa, linasafishwa, linarudishwa umbo, linajazwa tena. Ganda moja la bastola linaweza kurudi kazini mara nyingi sana kabla halijapasuka mdomo.

Mashine ya kufanya hivyo inaitwa presi, na ziko za aina mbili kubwa. Fikiria kibanda cha chapati. Ile presi ya kawaida ni mama mmoja anayefanya kila kitu peke yake: anakanda zote, halafu anasukuma zote, halafu anakaanga zote. Presi ya mfululizo ni watu wanne au watano waliosimama kwa duara, kila mmoja na kazi yake, na sahani inazunguka katikati. Ukivuta mkono wa mashine mara moja, wote wanafanya kazi kwa pamoja: kituo cha kwanza kinarudisha ganda umbo na kutoa praima iliyokufa, cha pili kinamwaga baruti, cha tatu kinakalisha kichwa, cha nne kinabana. Ukirudisha mkono na kuusukuma mbele, praima mpya inaingia. Duara likishajaa, kila mvuto mmoja unakupa risasi moja nzima. Tak. Tak. Tak. Ndiyo maana ile klipu ilipendwa. Inatuliza kama kuangalia mtu akipiga pasi.

Na hapo ndipo shida ilipo kwangu. Kitu kinachotuliza kinalaza akili.

Mashine ya anko (kampuni sitaitaja, na kosa halikuwa la kampuni) ilikuwa ya vituo vinne, na sahani yake inazungushwa kwa kidole. Yaani ukimaliza mvuto, unaizungusha mwenyewe hatua moja. Usipoizungusha halafu ukavuta tena, ganda lile lile la kituo cha pili linapata baruti mara mbili. Kwa bastola ya milimita 9, ukitumia baruti ya kasi inayochukua nafasi ndogo, dozi mbili zinaweza kutoshea ndani ya ganda bila kumwagika, na ukikalisha kichwa juu yake huoni chochote. Ukiipiga, unaweza kupoteza bastola na vidole. Kinyume chake pia kipo: ganda lisilo na baruti kabisa. Wengi hudhani hilo halina madhara. Ngoja.

Alhamisi moja anko alitengeneza risasi 400. Jumamosi nikaenda naye uwanjani na kamera. Ya kwanza hadi ya 6, sawa. Ya 7 ikatoa sauti kama kifuniko cha soda. Bastola haikuruka mkononi, ganda halikutoka. Sasa, watu wa mashindano wamezoeshwa kwamba bastola ikikwama unagonga chini, unavuta nyuma, unaendelea. Mkono unafanya kabla kichwa hakijafikiri. Niliona kidole cha anko kikirudi kwenye kifyatulio. Mzee aliyekuwa nyuma yake akapiga kelele asimame, tena kelele ya kweli, si ya adabu. Anko akasimama.

Walipofungua bastola na kuangalia ndani ya mtutu, hawakuona mwanga. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama njiani. Praima peke yake ina nguvu ya kukisukuma hadi ndani ya mtutu, lakini haina nguvu ya kukitoa. Risasi ya 8 ingekikuta pale, na mtutu ungepasuka mbele ya uso wa mtu ambaye ndiye aliyenilipia tiketi ya ndege. Walikitoa kwa fimbo ya shaba na nyundo. Hakuna aliyecheka. Anko alikunja vitu vyake, akaendesha gari hadi nyumbani bila redio.

Anti aliposikia hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Na zile zingine?"

Zilikuwa zimebaki 393. Anko akasema atazipima kwa mizani, ile nyepesi itajulikana. Nilidhani ni wazo zuri hadi tulipojaribu. Baruti ya risasi ya bastola ni kidogo mno. Inapimwa kwa greini, na greini 15 ndizo karibu gramu moja. Maganda yenyewe, yakiwa ya viwanda tofauti yaliyookotwa chini, yanatofautiana uzito kwa greini kadhaa. Ongeza tofauti ya vichwa. Mwishowe ganda zito lisilo na baruti linaweza kulingana na ganda jepesi lenye baruti. Mizani ilitupa namba nzuri za desimali ambazo hazikutuambia kitu. Kama kuna mtu amekwambia pima tu utajua, kwa bunduki kubwa yenye baruti nyingi labda, kwa bastola hapana.

Kwa hivyo tulizifungua zote. Kuna kifaa kama nyundo ya plastiki: unaingiza risasi kichwani, unagonga sakafu ya simiti, na ule mshtuko unatoa kichwa na baruti. Pigo mbili, tatu, nne kwa kila moja. Mara 393. Siku mbili jioni, mimi na anko, miwani machoni, Anti akipita mlangoni kila baada ya muda akiwa na chai ambayo haruhusu iingie gereji.

Zote zilikuwa na baruti. Kipimo sawa. Hata moja haikuwa na kasoro.

Anko akafurahi kupita kiasi. "Unaona? Ilikuwa moja tu!" Anti akamjibu kwamba yeye alitaka tu kulala, na sasa atalala.

Lakini hiyo moja ilitoka wapi? Hapa ndipo napenda hizi mashine, kwa sababu zinaacha ushahidi. Kwenye mkebe wa takataka kulikuwa na ganda lenye alama ya msalaba ndani ya duara kwenye kitako. Hiyo ni alama ya NATO, ganda la kijeshi. Praima za kijeshi hubanwa ukingoni ili zisichomoke kwenye bunduki za rashasha, na ule mbano ukibaki, praima mpya haiingii vizuri. Kabla ya kulitumia unatakiwa kuutoa ukingo huo kwa kifaa chake. Anko huchambua maganda yake, lakini hili lilipita.

Basi tukaipanga hivi, na anko akakubali ndivyo ilivyokuwa. Alivuta mkono, kituo cha pili kikamwaga baruti. Akausukuma kuingiza praima, ikagoma kwenye ganda la kijeshi. Alifanya vizuri: hakulazimisha. (Usilazimishe praima. Ni kilipuzi, na kwenye mrija wa mashine ziko mia moja zimepangana juu ya ile unayoisukuma kwa hasira.) Akatoa ganda baya, akaweka lingine. Alijua akivuta tena kituo cha pili kitamwaga dozi ya pili, kwa hivyo akatoa ganda la pale, akarudisha baruti yake kwenye chupa. Vizuri tena. Halafu simu ikalia. Ilikuwa ni kazini, wanataka aingie mapema. Dakika tano. Aliporudi, alirudisha lile ganda tupu mahali pake, akazungusha sahani, akaweka kichwa juu.

Mtu alifanya kila kitu sawa, simu ikaingia katikati. Ndiyo maana sikubaliani na wale wa video wanaosema hii ni shida ya wavivu.

Sasa dawa ya anko kwa haya yote ilikuwa gani? Kununua mashine ya kasi zaidi! Yenye mota. Alikuwa ameihifadhi kwenye simu, ile ya vituo kumi inayojivuta yenyewe huku wewe umekunja mikono. Bei yake ni maelfu ya dola. Hoja yake: kosa lilitoka kwa mkono wa mtu, basi tuuondoe mkono wa mtu.

Nilifungua kikokotoo. Anko anapiga kama risasi 200 kila Jumamosi. Kwa mwaka ni 10,400. Mashine ya aina yake watengenezaji husema inatoa 400 hadi 600 kwa saa. Tuseme 400, maana yeye ni mtu wa kusimama kunywa maji. Hiyo ni saa 26 kwa mwaka mzima. Mashine ya mota ikitoa elfu moja kwa saa, atatumia saa kama 10. Ameokoa saa 16. Hizo ni zamu mbili za ghala. Unalipa maelfu ya dola kuokoa zamu mbili? Akanyamaza. Kisha akasema si kila kitu ni hesabu, na hapo nikajua anaitaka tu kwa sababu ni nzuri. Nami namwelewa, nina lenzi tatu nisizozihitaji.

Anti yeye hakuwa na kikokotoo. "Mashine hiyo ikikosea," akasema, "itakosea elfu moja kwa saa."

Kwa maoni yangu, mkono ndio sensa ya kwanza. Nilikaa kwenye ile mashine jioni chache, anko amesimama kando, na unahisi vitu. Unahisi praima ikikaa kitako, mguso laini halafu ukuta. Unahisi ganda lililopasuka mdomo kwa sababu linapita kirahisi kuliko wenzake. Unahisi lile fupi la .380 lililojichanganya na ya milimita 9, maana yanafanana kama mapacha. Kuna rafiki wa anko anayetengeneza za .45, na ya .45 ina balaa lake: viwanda vingine hutumia praima kubwa, vingine ndogo, ganda kwa nje ni lile lile. La shimo dogo likiingia kwenye mashine ya praima kubwa, mkono wako unagonga mwamba ghafla. Ukiwa unavuta kwa mkono, unasimama. Mota nzuri zina klachi ya kukatika, sawa, lakini klachi haijui kwa nini imekatika.

Kwa hivyo swali tulilobaki nalo lilikuwa mashine gani ya mkono. Na hapa watu wanapigana kwa rangi, kama Gor na AFC: Dillon ni bluu, Lee na Hornady ni nyekundu, RCBS ni kijani. Achana na rangi. Hesabu vituo. Dillon 550 ina vinne na unazungusha mwenyewe; ni mashine imara inayobadilishwa kirahisi kutoka aina moja ya risasi hadi nyingine, na kwa anayeanza ule uzungushaji wa mkono ni mwalimu, kwa sababu hakuna kinachosogea bila wewe kutaka. Lee ni za bei ya mfuko wa kawaida, zinahitaji subira na bisibisi. Dillon 750 na Hornady Lock-N-Load AP zina vitano na sahani inajizungusha. Kujizungusha kunaondoa kosa la kusahau. Ila mashine ikikwama katikati, nayo itakuchanganya kwa njia yake.

Kile kituo cha tano ndicho nilichokipigania. Unakiweka kati ya baruti na kichwa, na ndani yake unafunga kifaa cha kukagua baruti. Kuna cha Dillon kinacholia kama kengele kipimo kikiwa chini au juu kupita kiasi, na kuna cha RCBS kinachoifunga mashine kabisa, mkono haushuki. Mimi ni wa kile kinachofunga. Kengele mtu mchovu anaweza kuizima akilini. Mkono uliogoma huwezi.

Anko alinunua ya vituo vitano, ya mkono, na kifaa kinachofunga. Mota aliiacha kwenye simu, bado anaiangalia. Juu ya meza akafunga taa moja kali inayoangaza moja kwa moja ndani ya ganda kabla kichwa hakijakaa, ya dola chache tu, na kwangu hiyo taa ina faida kuliko kitu chochote kingine kwenye gereji. Simu yake inabaki jikoni kwa Anti. Mtu akimpigia wakati yuko kwa mashine, Anti ndiye anashika: "Yuko kazini." Wa kazini wenyewe walichanganyikiwa.

Mnaouliza kuhusu afya: mmefanya vizuri kuuliza. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, risasi, kwa ile inayopigwa na kwa madini yenyewe, na hayo madini ni sumu. Yako kwenye vichwa, yako kwenye masizi ya praima, na vumbi lake linatoka sana ukisafisha maganda makavu kwa ile mashine ya kutikisa. Binamu yangu ana miaka 9. Anko alihamia usafishaji wa maji na pini za chuma, haruhusu chakula gereji, na ananawa mikono hadi kwenye kiwiko kabla ya kumshika mtoto. Baruti na praima zimefungwa kwenye makabati tofauti, funguo anazo Anti. Hilo halikuwa na mjadala.

Nilipoondoka, mashine mpya ilikuwa na ugonjwa wake tayari. Sahani ilikuwa ikijizungusha kwa kuruka, tak, na kila ikiruka, chembe za baruti zinatoka kwenye ganda fupi la milimita 9 na kutawanyika. Chembe hizo zinaingia chini ya sahani, zinaziba njia ya praima, praima zinaanza kukaa juu juu, na ukipitisha kidole kitakoni unahisi kinundu. Ukiona praima zimeinuka, watu hukimbilia kulaumu praima. Anza kwa kufagia. Halafu angalia kama boliti ya katikati ya sahani imelegea: ikilegea sahani inainama, ikikazwa mno haizunguki. Anko aliifagia, akakaza robo mzunguko, akapaka mafuta kidogo kwenye maganda ili yapite bila kuvutwa kwa nguvu, na zaidi ya yote akajifunza kumalizia mvuto polepole.

Wiki jana alinitumia video. Sahani inazunguka taratibu, hakuna chembe hata moja iliyomwagika, na kwa nyuma unasikia Anti akimwambia mtu kwenye simu apige tena baada ya saa moja.